Oili Namba Arobaini

Kijiji cha Nyamuswa kilikuwa na gari moja tu, pikapu aina ya Landrova, ya petroli, rangi yake ya kijani imepauka kwa jua. Ilipatikana miaka ya nyuma kwa pamba ya shamba la ujamaa, na tangu siku hiyo dereva wake alikuwa mmoja, Thadeo Ngolo. Pikapu hiyo ilileta mbegu na dawa za pamba kutoka Bunda. Ilipeleka wagonjwa, ikarudisha maiti wa watu waliofia mbali, na mbio za mwenge zilipopita ilibeba kwaya nzima ya shule, watoto wamesimama nyuma wanaimba mpaka sauti zinakauka.

Thadeo alijifunza udereva mgodini Kiabakari, akiwa kijana, kabla mgodi haujafungwa. Huko alifundishwa jambo moja ambalo hakulisahau: injini haiuawi na safari, inauawa na uchafu. Kila asubuhi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa kitambaa alichokifua mwenyewe, akakirudisha, akakichomoa tena na kukitazama kwenye mwanga. Mkewe, Nyangi, alizoea kuwaambia wanawake wenzake kisimani, "Mimi nina mke mwenzangu. Ana magurudumu manne, na yeye ndiye mkubwa." Wakacheka. Na yeye akacheka, kwa sababu mume asiyelewa na anayeamka mapema si wa kulalamikiwa sana.

Hayo yalikuwa kabla vitu havijaadimika. Baada ya vita ya Uganda sabuni ilipotea madukani, ikafuata chumvi, kisha sukari, kisha nguo, mpaka watu wakawa wanazika wafu wao kwa shuka za viraka. Oili nayo ikawa kitu cha kibali, na kibali chenyewe kikawa cha wenye bahati. Thadeo aliongeza kidogo alichopata, akabana safari, akazima injini kwenye miteremko. Ilipofika Machi ya mwaka themanini na tatu, oili iliyokuwa ndani ilikuwa nyeusi kama masizi, nyepesi kama chai, na mshale wa geji ya presha ya oili ulianza kulala kila gari lilipopata moto.

Alimfuata mwenyekiti wa kijiji, Mihayo, aliyekuwa akipalilia mtama wake nyuma ya ofisi.

"Ndugu Mwenyekiti, gari naliweka chini."

Mihayo aliegemea jembe. "Unaliweka chini, na mvua ndiyo imeanza hivi? Watu wakiugua tuwabebe na nini?"

"Likiendelea hivi hata mwezi halimalizi. Oili imekufa. Filta yake nimeshaiosha kwa petroli mpaka karatasi imeanza kuchanika. Nataka ruhusa niende Musoma nikatafute."

"Musoma kuna nini? Hata Bunda hakuna."

"Nikikosa nitajua nimekosa."

Mwenyekiti alimruhusu. Hakumuuliza ataipata wapi, na Thadeo hakumwambia. Miaka ile watu walijifunza kutoulizana.

Musoma alifika juu ya lori la mihogo. Alizunguka maduka ya mtaa wa Mukendo tangu asubuhi. Rafu zilikuwa zimepangwa viberiti na dawa ya viatu, basi. Duka moja la vipuri lilikuwa na pipa uani, na mwenye duka akachota kidogo kwenye kopo ili ampe aone. Thadeo alichovya kidole, akasugua na dole gumba, akanusa.

"Hii imeshatumika."

"Imechujwa," alisema mwenye duka.

"Imechujwa kwa kitambaa. Hebu isikie, ina mchanga." Alimsugulia kwenye kiganja. Yule bwana alikunja mkono wake bila kubisha.

Filta aliyokuwa nayo mwenye duka ilikuwa ya trekta. Kwenye Landrova filta ya oili ni bomba la karatasi iliyokunjwakunjwa, linakaa ndani ya kikombe cha chuma kilichoning'inia ubavuni mwa injini na kukazwa kwa boliti moja ndefu. Ile ya trekta ilikuwa na umbo lilelile, ila ilizidi urefu kidogo.

"Itaingia tu," alisema mwenye duka.

"Kuingia itaingia. Kikombe hakitafunga. Nitafika Makutano oili yote iko barabarani."

"Basi ikate."

"Nikiikata itakuwa haina mdomo. Oili itapita pembeni na uchafu wake wote." Alimrudishia, akaaga vizuri. Alikuwa amechoka, lakini hakuwa na hasira na mtu yule. Kila mtu alikuwa anauza alichobaki nacho.

Jioni alikwenda Nyakato, hapohapo Musoma, kwa shemeji yake, Burito Wanzagi, kaka yake Nyangi. Burito alijulikana kwa biashara ya samaki wakavu, lakini ndugu zake walijua kwamba magunia ya samaki yalikwenda mpaka Sirari, na kwamba ingawa mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa miaka mingi, magunia hayakurudi matupu. Walikula ugali wa muhogo na samaki aina ya furu wa kuchemsha. Walipomaliza kunawa, Thadeo alisema shida yake.

Burito alicheka. "Shemeji, kwa nini ulianzia madukani? Unaona aibu kwangu?"

"Nilitaka cha halali kwanza."

"Umekipata?"

Burito aliinuka, akamwongoza mpaka chumba cha nyuma, akatoa magunia yaliyonuka samaki, na chini yake palikuwa na makopo makubwa mawili ya bati, midomo yake bado imezibwa tangu kiwandani.

"Chagua mwenyewe. Hii nyekundu wanaisifu sana, wanasemaga ndiyo mpya, inatumika kwa magari ya sasa. Na hii ya bluu imeandikwa arobaini."

Thadeo alichuchumaa. Aliyatikisa moja baada ya jingine, sikio karibu na bati, akasikiliza jinsi mafuta yanavyorudi. Ile nyekundu ilipiga upesi, kama maji ndani ya kibuyu. Ile ya bluu ilirudi polepole.

"Gari letu limezeeka," alisema. "Beringi zimelegea. Oili nyepesi itapita humo kama haipo, na joto la kwetu unalijua. Nipe arobaini."

"Chukua. Sitaki kitu kwako. Siku Wegesa akikaribia kujifungua uje na hilo gari umpeleke hospitali, tutakuwa tumemalizana."

Wegesa alikuwa mdogo wao wa mwisho, Burito na Nyangi. Alikuwa ameolewa palepale Nyamuswa mwaka uliopita, na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza.

"Kwa hilo hata usingeniambia," alisema Thadeo. "Na filta je?"

"Filta sina. Ila Butiama kuna mzee anaitwa Stanislausi, alikuwaga fundi wa wamisionari. Ana Landrova iliyokufa uani na vipuri vyake vyote. Huyo hakosi."

Asubuhi Thadeo alilifunga kopo ndani ya gunia la mihogo mikavu, akapanda lori mpaka Makutano, na kutoka hapo akatembea na kupakiwa kwenye baiskeli mpaka Butiama. Alimkuta mke wa Stanislausi peke yake. Mzee alikuwa amekwenda Majita kwenye msiba wa dada yake. Angerudi wiki ijayo.

"Filta anazo," alisema yule mama. "Lakini mimi sijui hii ni ipi na ile ni ipi. Nikikupa isiyo yenyewe atanigombeza. Rudi."

Thadeo aliitazama ile Landrova iliyokufa, nyasi zimeota mpaka dirishani, akashukuru na kwenda zake.

Nyumbani Nyangi alilipokea gunia, akapapasa akakutana na bati, akajua. Alifunga mlango kwanza.

"Imetoka kwa Burito?"

"Kwake."

"Basi imwage leo kwenye gari, tulifukie hilo bati yaishe."

"Leo haiwezekani. Filta bado."

"Si ipo ya zamani?"

"Mama Magesa, ile imechoka kabisa. Ukimwaga oili mpya juu ya filta ile, kabla hujafika Bunda imeshageuka nyeusi. Tumehangaika kote huku halafu tuiharibu wenyewe?"

"Nasikia watu wanaanza kupekuliwa. Mjini huko."

"Mimi nimetoka mjini. Sijaona mtu anapekuliwa."

"Baba Magesa, nakuomba. Imwage."

Alikuwa hajamwomba hivyo siku nyingi. Thadeo aliwaza kweli. Lakini aliiona oili ile akilini mwake, nzito, rangi ya asali, ikiteremka juu ya tope lililokuwa limeganda ndani ya kikombe cha filta, na moyo wake ulikataa. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa miaka mitatu kupata kitu kilicho sawa. Alitaka na kingine kiwe sawa.

"Wiki moja tu," alisema. "Wiki moja siyo mwaka."

Walilifukia kopo ghalani, chini ya mtama.

Wiki ilipopita alirudi Butiama. Stanislausi alikuwa mzee mrefu, mkavu, jicho moja lina mtoto wa jicho. Alipanga filta zake juu ya meza uani, tatu, akamwambia Thadeo achague.

"Chagua wewe. Nataka nijue nampa nani."

Thadeo aliziinua. Ya kwanza ilikuwa fupi kwa upana wa kidole; aliiweka pembeni bila kusema. Ya pili ilikuwa na urefu wenyewe, lakini karatasi yake ilikuwa imepata unyevu, imejikunja kama jani la tumbaku. Ya tatu ilikuwa bado ndani ya boksi lake. Aliitoa, akapitisha kidole kwenye mdomo wa filta, akaitazama kwenye jua. Ndani ya boksi kulikuwa na pete ya mpira ya kikombe, laini, haijapasuka.

"Hii."

"Ndiyo," alisema Stanislausi. "Niliitunza kwa ajili ya ile yangu pale. Lakini ile haitaamka tena, najidanganya tu. Peleka ikafanye kazi."

Walikuwa wanakunywa uji redio ilipoanza kusema. Mzee aliiongeza sauti. Ilisema habari ya walanguzi na wahujumu uchumi, kwamba wanasakwa nchi nzima, na kwamba yeyote mwenye bidhaa asizoweza kuzieleza zilikotoka atakamatwa. Ilitaja bidhaa zenyewe: sabuni, vitenge, betri, matairi, mafuta.

Stanislausi aliizima. "Una nini nyumbani, mwanangu?"

Thadeo aliweka bakuli chini, akaingiza boksi ndani ya shati.

"Nenda," alisema mzee. "Na hiyo filta, wakikuuliza, sema umepewa na Stanislausi wa Butiama. Mimi sina cha kuogopa tena."

Njiani alikutana na habari mbele yake. Huko Kiabakari walisema mwenye duka fulani amechukuliwa. Bunda walisema watu wanatupa mali zao mitaroni, kwamba kuna mtu ameona khanga mpya zimelowa kwenye matope na hakuna anayethubutu kuziokota. Hakuna aliyeweza kusema ameona kwa macho yake, ila wote waliisema kwa sauti ya chini. Thadeo aliomba baiskeli kwa mtu anayemfahamu, akapanda na kushuka vilima mpaka Nyamuswa bila kunywa maji.

Alimkuta Nyangi amekaa kizingitini, mikono yake mapajani. Mikono ilikuwa safi, imesuguliwa kwa majivu mpaka imepauka.

"Iko wapi?"

"Mgambo walipita asubuhi. Walianzia dukani, wakaja nyumba za upande wa huku. Walikuwa kwa jirani."

"Iko wapi, Nyangi?"

Hakuwa akimwita kwa jina lake. Nyangi alielekeza chooni kwa kidevu.

Thadeo alikwenda. Kwenye ukingo wa tundu palikuwa na mchirizi, na nzi walikuwa wamenata humo. Harufu yake ilikuwa bado inasikika, harufu safi ya oili mpya ambayo hakuwa ameinusa kwa miaka. Aliinama, akagusa mchirizi kwa kidole, akausugua na dole gumba kama alivyozoea. Kisha akasimama hapo, bila kufanya kitu.

Nyangi alikuwa amemfuata.

"Wangeuliza imetoka wapi," alisema. "Ungesema nini? Ungemtaja Burito? Na usingemtaja wangekuchukua wewe. Niliimwaga, bati nikalitumbukiza humohumo. Walipofika hapa hawakukuta kitu. Walipekua mpaka ghalani, wakamwaga mtama wote."

"Najua."

"Nilikwambia uimwage kwenye gari."

"Najua."

Hayo ndiyo waliyoyasema, na Thadeo alipata kuwaza baadaye kwamba laiti wangegombana siku ile, wakatukanana, hata wakapigana, ingekuwa nafuu. Hawakugombana. Waliokota mtama uliomwagwa, punje kwa punje, wamechuchumaa upande mmoja na upande mwingine wa ghala.

Ya Burito waliyasikia baadaye. Alikuwa amejaza magunia yake mawe, akayatupa ziwani na kila kilichokuwamo, kisha akavuka mpaka kwa njia alizozijua. Hakurudi. Wapo waliosema yuko Kisumu, ana mke mwingine. Wapo waliosema alikufa. Mama yake alikufa akiwa bado anauliza.

Thadeo aliifunga filta mpya mahali pake, na pete yake ya mpira, akaikaza boliti vizuri, kwa sababu hakujua la kufanya na filta hiyo zaidi ya kuifunga. Oili chafu aliimwagia yote kwenye ndoo. Kisha akamwambia mwenyekiti kwamba gari halitawashwa mpaka ipatikane oili. Mihayo alikubali. Kwenye mkutano watu walinung'unika. Wengine walisema dereva amechoka kazi, wengine wakasema ameuza oili ya kijiji kwa walanguzi na sasa anajifanya. Thadeo aliyasikia. Hakuweza kujitetea bila kumtaja shemeji yake, akainamisha kichwa.

Uchungu wa Wegesa ulianza Mei, mvua ikiwa kubwa. Mkunga wa zahanati alikaa naye usiku ule na mchana uliofuata, na jua lilipoanza kupinduka akatoka nje akiwa amejifuta mikono, akamwambia Nyangi, "Mtoto amekaa vibaya. Mimi nimefika mwisho. Apelekwe Bunda, na huko wataona kama ni Musoma."

Nyangi alikimbia mpaka ofisi ya kijiji, ambako Thadeo alikuwa amekaa chini ya upenu pamoja na mwenyekiti. Kitenge chake kilikuwa kimelowa. Alisimama mbele ya mumewe.

"Baba Magesa, washa gari."

"Halina oili, unajua."

"Washa gari."

Thadeo alimtazama Mihayo. Mihayo alisema, "Kwenye mashine ya kusaga kuna oili kidogo. Ndiyo ya kijiji, hakuna atakayeuliza."

"Oili ya mashine ile ina unga na vumbi la chuma. Tena ni nzito mno, na haitoshi."

"Kuna nyingine?"

"Hakuna."

"Basi chagua," alisema Mihayo, na hakusema kwa ukali.

Waliichota oili ya mashine kwa bakuli. Thadeo aliichuja kwa kitenge kikavu cha Nyangi kilichokunjwa mara kadhaa, kikabaki kitenge kimejaa tope la kijivu. Haikufika alama ya chini ya kijiti. Akaongeza ile chafu aliyokuwa ameimwaga, iliyobaki kwenye ndoo. Alijua anachofanya. Mikono yake ilifanya upesi na kwa usafi kama siku zote, akafunga kifuniko, akafuta pale palipodondoka.

Injini iliwaka. Wegesa alilazwa nyuma juu ya magodoro ya majani, Nyangi amemshika kichwa, mkunga amekaa miguuni, na turubai limevutwa juu yao. Thadeo aliendesha polepole, gia ndogo, macho yake kwenye geji. Kwa mwendo wa kwanza mshale ulisimama vizuri, hata akaanza kuamini. Alisikia Wegesa akilia kwa lugha ya nyumbani, akimwita mama yake. Kila gurudumu lilipoingia shimoni sauti ilikatika, kisha ikaanza tena.

Palipo na udongo mweusi wa mbuga gari lilizama. Ilibidi akanyage mafuta ili litoke, na lilipotoka mshale wa geji ulikuwa umelala. Alizima, akangoja lipoe. Nyangi aligonga kioo.

"Mbona umesimama?"

"Likipoa kidogo."

"Hana muda wa kupoa huyu!"

Akawasha. Alikwenda mpaka vilima vya Bunda vikaonekana kwenye mvua. Hapo ndipo alipoanza kuisikia: kwanza kama mtu anayegonga mlango mbali, kisha karibu, kisha chini ya miguu yake, chuma kwa chuma. Alijua ni beringi. Alijua pia kwamba akisimama sasa injini inaweza kuokolewa, na akiendelea itakufa. Hakusimama. Aliendelea kukanyaga, machozi yakimtoka bila yeye kujua kama analilia gari au Wegesa, na gari lilimpeleka mpaka kwenye kilima cha mwisho, likatoa mlio mmoja kama bati linalopasuliwa, likasimama. Alijaribu kuwasha. Injini haikuzunguka hata kidogo. Ilikuwa imenoki, chuma kimeshikana na chuma.

Alishuka. Nyangi alikuwa ameinua turubai, anamtazama.

"Tumbebe," alisema Thadeo.

Walimbeba kwa turubai lilelile, wao watatu na wapita njia wawili waliokuwa wanatoka mnadani. Ilikuwa giza tayari walipofika kituo cha afya, na gari la kuwapeleka Musoma likapatikana baadaye sana. Mtoto alitolewa amekufa. Alikuwa wa kiume, mkubwa, hana kasoro. Wegesa hakufa.

Alikaa hospitali mpaka mvua zikaisha. Aliporudi Nyamuswa alikuwa anavuja mkojo, mchana na usiku, bila kujua unatoka saa ngapi. Manesi walimwambia inatokea mtoto akikaa njiani muda mrefu, na kwamba kuna daktari Mwanza anayeweza kushona. Aende akapange foleni. Alipelekwa mara mbili. Mara ya kwanza daktari hakuwapo, mara ya pili alishonwa na haikushika. Mume wake alivumilia, tuseme kweli, alivumilia mpaka mavuno. Kisha wazee wake wakaja kwa Thadeo, wakaongea kwa adabu, wakamrudisha.

Pikapu ilivutwa na ng'ombe mpaka kijijini, ikaegeshwa nyuma ya ofisi ya kijiji. Fundi kutoka Musoma aliifungua, akatikisa kichwa, akasema inataka injini nyingine. Pamba ya mwaka ule ilikwenda Bunda kwa mikokoteni. Thadeo alivuliwa udereva kwenye mkutano, ingawa hapakuwa na gari la kuendesha, na hakuna aliyesema neno la kumtetea isipokuwa Mihayo, ambaye mwaka uliofuata naye hakuchaguliwa. Kisha madukani vitu vikaanza kurudi kidogo kidogo, na siku moja Thadeo aliona sokoni Bunda makopo ya oili yamepangwa juu ya meza, wazi, jua linayapiga. Muuzaji alimuuliza, "Unatafuta namba ngapi, mzee?" Alisema hatafuti kitu.

Nyangi na mumewe hawakutengana. Walilima pamoja, walikwenda kanisani pamoja, mtoto wao Magesa akiwa likizo walikula naye na kumsikiliza habari za shule. Siku moja tu, wakichambua pamba, Nyangi aliacha kuchambua, akasema bila kumtazama, "Sema basi, baba Magesa. Sema ni mimi."

"Siyo wewe."

"Ni nani?"

Kama Thadeo angesema ni yeye, angelazimika kusema kwamba angefanya tena vilevile, angengoja filta, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kuwa fundi. "Sijui," alisema. Nyangi akaendelea kuchambua.

Wegesa alikaa nao chumba cha pembeni. Alifua matambara yake kila asubuhi kabla watu hawajaamka, akayaanika nyuma ya choo. Wageni walipokuja hakutoka. Baada ya muda aliomba ajengewe kibanda chake, mbali kidogo na nyumba, kwa sababu alisema anajisikia anavyonuka mezani na hapendi kuona watu wanajikaza.

"Hakuna anayejikaza," alisema Nyangi.

"Dada," alisema Wegesa, "nawaonaga."

Thadeo alikata miti, akachimba mashimo, akasimamisha nguzo. Nyangi alikandika udongo, na Wegesa alimletea maji kwa ndoo, akisimama mbali kila alipoitua. Ilipofika zamu ya mlango, Thadeo aliuweka upande wa barabara, kama nyumba zote za kijiji zilivyo, ili aone watu wakipita na kusalimiwa.

"Shemeji," alisema Wegesa, "ugeuze uangalie kilimani."

"Kule hakuna mtu. Hakuna hata njia."

"Ndiyo."

Thadeo alimtazama mkewe. Nyangi aliinamia udongo wake. Basi akang'oa zile nguzo mbili za mlango, akaenda upande wa pili, akaanza kuchimba upya.